Picha ya Mto Chobe Dirishani kwa Hazim

KITUO CHA POLISI, IBRA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hajar binti Thani bin Azzan
Umri: miaka 22
Elimu: sekondari
Kazi: mapokezi, kliniki ya meno
Makazi: Sufala, Ibra
Yamepokelewa na Sajenti Ishak, tarehe 18 Septemba 2003, saa nne asubuhi, kwa Kiswahili, kwa ombi la shahidi.

Mimi ni mke wa Anas bin Abdullatif, mwalimu wa jiografia katika skuli ya wavulana. Tangu jana jioni amewekwa ndani hapa kituoni kwa madai kwamba alimpiga Hazim, mwenye studio ya picha, kwa fremu, na akamvunjia dirisha. Madai hayo si kweli. Nilikuwapo na nimeona. Akitiwa hatiani hatasomesha tena, na kusomesha ndiyo raha yake. Tumeoana tarehe 24 Julai mwaka huu. Sisemi haya kwa kuwa ni mume wangu tu, maana kosa moja analo, na nitalisema.

Sajenti ameniuliza picha yenyewe ilipigwa wapi. Ilipigwa Botswana, katika fungate yetu. Shoga zangu wote walikwenda Dubai au Malaysia. Anas aliniambia tangu siku za posa kwamba mito anayoisomesha hajapata kuigusa, na hataki kuigusa mpaka awe na mimi. Nani angekataa? Tulifika Livingstone tarehe 5 Agosti, tukaona Zambezi unavyoanguka, tukalowa chapachapa na maji yenyewe yako mbali. Tukafuata mto kuelekea juu, kidogo kwa mashua, kidogo kwa gari, tukavuka Kazungula kwa kivuko mpaka upande wa Botswana, tukaingia mto Chobe. Niliona nyati, viboko, na tai anayenyakua samaki bila kulowa kifua. Kila nilichokiona nilikiona mara mbili, kwa macho yangu na kwa macho ya Anas.

Tarehe 9 Agosti, kama saa kumi na nusu za jioni, tembo watano waliingia majini kuvuka, mtoto wao katikati, mikonga juu wapate kupumua. Nilisimama mashuani. Upepo ukauchukua mtandio wangu ukauangusha mtoni, na nywele zikafumuka zote mpaka kiunoni. Nikacheka. Anas alikuwa na kamera jichoni anawapiga picha tembo. Akabonyeza. Halafu akaiachia kamera ikaning'inia shingoni, akavua kilemba alichojifunga kwa ajili ya jua, akanifunga kichwani kwa mikono yake mwenyewe. Mwendesha mashua alikuwa ametupa mgongo, hakuona kitu. Sijapata kupendwa kama nilivyopendwa pale. Sajenti amesema hilo haliandikwi. Nimeomba liandikwe.

Baada ya hapo tulikwenda Okavango, tukakaa katika mtumbwi mwembamba unaosukumwa kwa upondo kati ya matete. Anas akanieleza kwamba mto ule haufiki baharini, unajimalizia mchangani kama wadi zetu, mito ya jangwani inayojaa kwa mvua tu. Nikamwambia wadi zetu afadhali, hazina mamba. Tulirudi Ibra mwisho wa Agosti.

Hapa kwetu kila mtu anajua kwamba picha za wanawake husafishwa na mwanamke. Studio ya Hazim ina chumba cha nyuma kwa kazi hiyo, na anayeifanya ni dada yake, Fawziya. Mwanamume akileta mkanda wa picha husema tu "za nyumbani," ukapelekwa nyuma, na hapana anayeuliza zaidi. Anas aliupeleka mkanda wetu tarehe 8 Septemba. Amenieleza mwenyewe kwamba dukani walikuwapo baba za wanafunzi wake wanakunywa kahawa, wakaanza kumtania kwamba mwalimu amenenepa, asali ya huko Afrika tamu. Akaona haya kunitaja mbele yao. Akasema, "Za wanyama tu." Alidhani pia kwamba ile picha yangu imeharibika, kwa vile mashua iliyumba. Hilo ndilo kosa lake, na nimekwisha kumwambia: kama kunitaja mbele ya watu watatu kulikuwa aibu, basi sasa nimetajwa Ibra nzima.

Jana, Jumatano, saa tatu asubuhi, nilikwenda soko la wanawake pamoja na mavyaa wangu, Bi Ghaniya, mama yake Anas. Tulisimama kwa Bi Thuraya, muuza udi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Ama bibi arusi, mumeo kakuchoka upesi. Keshakutundika dirishani kama kanga mpya." Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka, maana sikufahamu. Kisha akatueleza alichokiona dirishani kwa Hazim alipokuwa anapita. Mavyaa wangu aliurudisha udi aliokwisha kuuchagua, akanishika mkono, tukaondoka. Mimi hakunilaumu kwa neno hata moja. Njia nzima alikuwa akimtaja Hazim, na baba yake Hazim, na babu yake.

Anas aliporudi kutoka skuli tulimwambia. Hakula. Studio hufunguliwa tena saa kumi za jioni, na saa kumi na robo tulikuwa mbele yake kwa gari, mimi na yeye. Aliniomba nibaki ndani ya gari. Nilibaki mpaka nilipoiona. Hazim alikuwa ameikuza picha ikawa kubwa kama mlango wa kabati, akaitia fremu na kioo, akaiweka katikati ya dirisha la duka. Nywele zangu, shingo yangu, meno yangu yote. Tembo walionekana nyuma kama wageni. Niliteremka nikasimama karibu na dirisha. Mlango wa duka ulikuwa wazi na kila neno nililisikia.

Anas alitoa salamu kwanza. Alisema taratibu kwamba picha ile ina mtu wa nyumbani kwake na anaomba iondolewe. Hazim akajibu kwamba tangu aiweke, watu wanaingia kuuliza mto ule uko wapi, na biashara imechangamka. Anas akaomba tena. Hazim akasema, "Mwalimu, wewe ulisema wanyama. Na mimi nimetundika wanyama. Tembo hao hapo, wahesabu."

Anas akamwambia, "Hazim, nawe una dada."

Hazim akasema kama tatizo ni huyo mwanamke, atambandika karatasi nyeusi, tembo wabaki. Nilisikia hayo nikiwa nje, nimesimama, mwenyewe, nina masikio. Karatasi nyeusi.

Fawziya alitoka chumba cha nyuma akamwambia kaka yake aitoe, na kwamba mkanda ule ungepita kwake picha hiyo isingefika mbele. Hazim hakumsikiliza. Hapo Anas akaingia penye dirisha, akaishika fremu kwa upande mmoja aiteremshe. Hazim akaikamata upande wa pili kwa mikono miwili na kuvuta.

Pembeni yangu walikuwapo wanaume watatu wa duka la matairi la jirani. Hao ndio mashahidi wa Hazim, waliosema kwamba walimwona Anas anapiga. Mmoja akasema, "Ndiye?" Mwengine akasema, "Ndiye huyo." Anas aliwasikia. Akageuka kunitazama mimi, na alipogeuka aliiachia fremu. Hazim alikuwa bado anavuta. Akaenda kinyumenyume na fremu yake, akaangukia dirisha la duka, kioo cha dirisha na kioo cha fremu vikavunjika pamoja, na hapo ndipo alipokatika paji la uso. Anas alikuwa amempa mgongo. Alikuwa ananiambia, "Hajar, ingia garini."

Nataka iandikwe vizuri kwamba wale watatu hawakuuona mkono wa Anas. Hawakuutazama. Walikuwa wakitazama picha, kisha mimi, kisha picha, wanalinganisha. Waulizwe.

Sajenti ameniuliza kama nataka picha iharibiwe kesi ikimalizika. Hapana. Isichanwe, isikatwe, isibandikwe karatasi. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupigwa, na nimependeza. Nataka iviringishwe, itiwe ndani ya bahasha, ifungwe mbele yangu, kisha nirudishiwe. Nina ukuta wake chumbani kwetu. Na mume wangu nirudishiwe pia, leo, si Jumamosi mapumziko ya wiki yakiisha.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona. Nimesomewa, nimeyakubali, sikushurutishwa na mtu.

(Sahihi) Hajar Thani

MAELEZO YA MPOKEAJI: Picha imeviringishwa, imetiwa ndani ya bahasha kubwa na kufungwa kwa lakiri mbele ya shahidi. Saa sita mchana mashahidi watatu wa mlalamikaji waliitwa tena, mmoja mmoja. Waliulizwa Anas bin Abdullatif alisimama upande gani wa dirisha na alipiga kwa mkono upi. Kila mmoja alijibu lake. Waliulizwa shahidi Hajar binti Thani alivaa nguo ya rangi gani. Wote watatu walijibu sawasawa, pamoja na rangi ya viatu. Mtuhumiwa ameachiwa saa saba na nusu, amekwenda nyumbani na mkewe.

(Sahihi) Sajenti Ishak