Programu ya Metodi Inaniuliza Kama Bado Naitaka

Mpendwa Shangazi Vaska, naomba msaada wako, tena usinicheke, maana nimelia hadi macho yamevimba na jambo lenyewe ni la kompyuta, na mimi mwanamke mzima hapa mjini Lovech sikutegemea hata siku moja kwamba ningekuja kukosana na binti yangu wa pekee kwa sababu ya kompyuta.

Mume wangu Metodi, aliyekuwa fundi umeme wa stesheni, alifariki Oktoba iliyopita. Kompyuta aliinunua yeye, mwaka ule binti yetu Radostina alipokwenda Valencia kufanya kazi hotelini, akaweka programu ya barua pepe aliyoipenda mwenyewe, na kila Jumapili alikuwa anakaa mbele yake anaandika kwa kidole kimoja, mimi niko kwenye roshani nachoma pilipili hoho za kuweka kwenye machupa, akiba ya majira ya baridi, basi anapaza sauti, "Zdravka, nimwambie nini tena huyu mtoto?" namjibu, "Mwambie avae soksi!" anasema, "Valencia jua linawaka, mama we, soksi za nini?" namwambia, "Wewe andika tu!" naye anaandika: Mama yako anasema uvae soksi. Miaka yote hiyo, Shangazi, sikugusa kibodi, maneno yangu na kidole chake, na nikikumbuka moshi wa pilipili unavyoingia chumbani na yeye anakohoa na kunitukania masufuria yangu, natamani hata ule ugomvi wetu urudi.

Alipofariki nikajifunza peke yangu. Nabofya jina la Radostina, programu ya marehemu inafunguka yenyewe, naandika vilevile alivyokuwa anaandika yeye, "Mama yako anasema," natuma, roho yangu inatulia. Nilikuwa sijui kwamba kule barua inakofika inaonekana imetoka kwa Metodi Gatev.

Nilijua Jumapili ya Matawi. Ni siku ya jina ya wifi yangu Nevena, siku ambayo kwetu husherehekewa wenye majina ya maua, nyumba yake imejaa wageni maana siku hiyo hakuna anayengoja kualikwa, mimi mafua yamenilaza nikaona nimtumie salamu kwa barua pepe, naye akafungua simu mbele ya watu akakuta kaka yake aliyezikwa anamtakia afya na maisha marefu. Sahani ya samaki ikaenda chini. Akanipigia, "Wewe Zdravka umerukwa na akili? Marehemu kanitumia salamu! Padri yuko hapa, anafanya ishara ya msalaba!"

Radostina alipokuja kwenye kumbukumbu ya nusu mwaka tukapika ngano ya kumwombea marehemu, tukamwagia mvinyo kaburini, tukarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha baba yake na kusema, "Mama, mimi pia. Kila nikiona jina la baba kwenye simu moyo unasimama, halafu nakumbuka." Akaniwekea programu nyingine yenye jina langu, akabadilisha kitu ili nikibofya anwani ifunguke hiyo mpya. Nikasema sawa mwanangu. Alipoondoka nikataka kumuuliza kama amepanda basi, nikabofya jina lake, kikafunguka kitu cheupe, kisafi, hakina chochote ndani, na mimi nikajiona kama nimebandua tangazo la msiba la mume wangu mlangoni kabla ya wakati wake, na wewe unajua kwetu tangazo halibanduliwi, linaachiwa mvua na jua. Nikaifungua ile ya Metodi kuisalimia tu, nayo ikaandika kwenye kioo: mimi si programu yako ya barua pepe tena, unataka niwe? Shangazi, ungekuwa wewe ungejibu hapana? Nikabofya ndiyo.

Juzi cheri za uani zimeiva, nikamwandikia: Mama yako anasema cheri zimeiva. Akanipigia analia, "Mama, sitazifungua tena hizi barua. Sizifungui." Na mwezi Agosti, ambapo kila mwaka huja nyumbani, amesema anakwenda kwa wazazi wa mumewe. Simu zangu anapokea, anasema yuko kazini, anakata.

Nifanyeje? Nikibadilisha, naogopa barua zote za Metodi zitafutika na yeye atakuwa amekufa kweli. Nisipobadilisha nampoteza mtoto. Jina langu lichapishe tu, usilifiche, Nevena ameshaitangaza habari hii Lovech nzima.

Zdravka Gateva

*

Mama Zdravka, pole sana. Niruhusu kwanza nimcheke Nevena na samaki wake. Haya, nimemaliza.

Tuanze na hofu yako, maana nusu ya machozi hayo umeyalia bure. Kubadilisha programu inayofunguka yenyewe hakufuti ile ya zamani. Umesikia? Hakufuti kitu. Unachoiambia kompyuta ni kwamba nikibofya anwani nifungulie hii, si ile. Ya Metodi inabaki palepale na barua zake zote ndani. Nani alikwambia zitafutika? Hakuna. Umejitisha mwenyewe na hukumuuliza mtu.

Sasa fanya hivi. Nunua flashi, mwombe anayejua akunakilie barua za marehemu, uiweke kabatini ili hata kompyuta ikifa usibaki mikono mitupu. Kisha fungua mipangilio, ingia sehemu ya programu, tafuta panapoandikwa barua pepe, chagua ile aliyokuwekea Radostina. Kabla kahawa haijapoa utakuwa umemaliza. Ya Metodi usiiondoe. Siku ukimkumbuka ifungue, soma, lia, uifunge. Ila kutuma barua kutoka humo, nakukataza kabisa, na Nevena ananiunga mkono.

Itakuuliza tena kama unaitaka, maana ndivyo ilivyoundwa. Bofya hapana, kisha uondoe alama kwenye kile kisanduku kinachosema iulize kila inapofunguka. Huyo si Metodi anayekuuliza, mama. Hiyo mashine huwauliza hata wanawake waliowafukuza waume zao.

Tangazo la mlangoni liache, wala sitakuambia ulibandue, mimi ni wa hapahapa na la kwetu limebaki nusu ya picha. Lakini mgeni akibisha hodi, unamfungulia na kujitambulisha kuwa ni Metodi? Basi mwanao umemfanyia hivyohivyo, kila Jumapili, tangu Oktoba. Alikueleza kwa upole, ukamwitikia sawa mwanangu, alipoondoka ukabofya ndiyo. Hapo ulikosea, na kwa hilo umwombe radhi. Mwambie wazi, bila kusingizia kompyuta.

Najua ule ukurasa mweupe ulikuumiza. Mimi pia nilifiwa na mume, nikavaa koti lake kwenda sokoni msimu mzima wa baridi, na sikutaka mtu aniambie kitu. Hakuna anayekuambia umsahau Metodi. Lakini umeniandikia mimi, mgeni, barua ndefu, yenye jina lako chini, na kwangu hukujificha nyuma ya "Zdravka anasema" hata mahali pamoja. Kumbe unaweza.

Leo hii, ukishabadilisha, bofya jina la Radostina. Kikifunguka kile cheupe usikikimbie. Mtoto huyo ana baba aliyezikwa anayemwandikia kila wiki, na ana mama aliye hai ambaye hajawahi kumwandikia hata neno moja. Mwandikie.

Shangazi Vaska