Mzigo Uliokwisha Kuinuliwa

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimepiga randa kifuniko. Mninga mkavu, unanukia vizuri. Meza ya mteja wa mtaa wa Cheyo bado haina miguu, naye amepita asubuhi kunitazama kwa jicho baya. Atasubiri. Sanduku la Nyamizi kwanza.

Binti yangu anakwenda chuo, Morogoro. Wa kwanza katika nyumba yetu. Mimi nilijaribu zamani, lakini kujaribu si kufika.

Yeye alitaka begi la magurudumu. Nikaenda kuchagua mbao. Mtoto wa seremala atoke na nailoni, watu waseme nini?

Ndani ya kifuniko nimeweka kijumba cha vyeti, kinafungwa kwa kulabu ya shaba. Bwana Karim wa duka la bawaba, hapa Mtendeni, aliuliza kama naoza binti au napeleka chuo. Nikamwambia bawaba zake zina kutu. Akacheka, akanipa nyingine. Mikono inauma. Najisikia vizuri.

Jumanne, 15 Oktoba

Nyumba imegeuka stoo. Dada yangu Zena ameleta blanketi, sufuria mbili, kinu kidogo, karanga, michembe gunia zima na asali chupa kubwa. Asali ya msituni, nyeusi, ya kweli. Michembe ile ya viazi vilivyokaushwa ni ya kulisha kijiji. Nikamwambia mtoto anakwenda kusoma, si kufungua hoteli. Akasema nyamaza Rama, wewe ulikwenda na shati mbili ndiyo maana ulirudi.

Iliniuma. Nikacheka ili isionekane.

Simu nayo haipumziki. Ukoo mzima una mawaidha. Mmoja anataka asome sheria, wakati msichana amechaguliwa kusomea mambo ya udongo na kilimo, na ndicho alichoomba mwenyewe. Nyamizi anaitikia wote, "Sawa shangazi, sawa mjomba," kisha anakwenda kukaa uani peke yake.

Mke wangu Hadija hasemi mengi. Leo alimtuma Nyamizi stendi akakate tiketi yake mwenyewe. Nilivaa viatu nimfuate. Hadija akasimama mlangoni na ungo wake wa mchele, hakusogea. Nikavua viatu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimepaka vanishi mkono wa mwisho. Nilipokuwa nasubiri ikauke nilimkumbuka baba.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Chuo cha ufundi, Dodoma. Treni iliondoka jioni na jukwaa zima lilinuka mayai ya kuchemsha na moshi. Baba alikuwa fundi wa mabehewa, kila mtu pale stesheni alimjua. Aliniinulisha mzigo wangu mbele yao wote. Niliona aibu. Sasa ningetoa kidole nimwone tena amesimama pale na kofia yake.

Ile desturi ya mzigo ni ya nyumba yetu. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, akitoka hapa mpaka pwani kwa miguu, mzigo begani. Sheria yao ikabaki kwetu. Mzigo anaufunga atakayeubeba. Anauinua mara tatu mlangoni. Akisema nimekataa, vitu vinatolewa na hakuna wa kununa. Akisema nimekubali, basi, haongezi mtu kitu, hata sindano. Anayeongeza anamwibia mwenzake nguvu za njiani. Baba alikuwa anaisema kwa sauti ya msikitini.

Kesho Nyamizi atainua.

Jumamosi, 19 Oktoba

Aliinua mara ya kwanza, sanduku halikutoka chini. Zena akasema si atabebewa. Nyamizi akasema, kwa adabu lakini akasema, "Shangazi, nikifika huko nitakuwa peke yangu."

Akaanza kutoa. Sufuria moja. Kinu. Nusu ya michembe. Blanketi zito. Halafu akatoa asali.

Zena alinuna. Mimi pia nilinuna, nisijifanye. Ile chupa aliipakata kidogo kabla ya kuiweka chini, nikajua anaitaka. Mtoto huyu tangu hajaota meno nimemlambisha asali kwa kidole changu.

Akainua mara tatu. Uso ulimwiva. "Nimekubali." Akafunga kamba ya katani juu ya sanduku kwa fundo lake, fundo la ovyo, la kushoto, maana anatumia mkono wa kushoto.

Alasiri akaenda Cheyo kuwaaga watu. Hadija alikuwa naye. Nilibaki na sanduku. Na ile chupa juu ya meza.

Nilifungua kamba. Nikaweka asali kwenye kona, chini tu ya kijumba cha vyeti, nikaibana kwa taulo isigaragare. Nikafunga upya. Nilijiambia hata mzigo hautajua.

Sijamwambia mtu.

Jumapili, 20 Oktoba

Ameondoka kwa basi la alfajiri. Utingo alikuwa Mzaramo. Alipoliona sanduku akaniuliza kama Wanyamwezi bado hatujaambiwa kwamba misafara ilikwisha. Nikamwambia ainue taratibu, mtumwa wangu. Watu wakacheka. Utani ule wa makabila yetu umetuokoa, maana Hadija alikuwa ameshaanza kufuta macho.

Nyamizi alilishika lile fundo la kamba, akalitazama. Akanitazama mimi. Halafu akaniamkia kama asubuhi yoyote, shikamoo Baba, nikaitikia marahaba, basi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa na methali tatu.

Nimerudi karakana. Nimetengeneza mguu mmoja wa meza ya Cheyo. Umepinda.

Jumatatu, 21 Oktoba

Amefika salama jana usiku. Nimempigia mara nne leo. Zena mara tatu. Wengine sijui. Kila mmoja anamwuliza amekula nini. Hadija amempigia mara moja, akamwuliza amepata jirani wa namna gani, akakata.

Kitanda chake kimetandikwa. Nimekaa pale kidogo.

Jumanne, 22 Oktoba

Hadija aliongea na simu uani, mgongo ameupa dirisha. Aliporudi ndani hakukaa. Akauliza, "Baba Nyamizi, asali ilirudije sandukuni?"

Nilisema. Ningesema nini kingine?

Joto na mashimo ya njiani. Kizibo kiliachia. Sanduku lililazwa ubavu ndani ya buti, asali imeingia mpaka kwenye kijumba changu kizuri chenye kulabu ya shaba. Vyeti vya shule vilikuwa kwenye plastiki, vimepona. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kile cha zamani cha kuandikwa kwa kalamu ya wino, kimekunjwa. Alikiosha kwa kitambaa chenye maji. Asali ikatoka na maandishi yakatoka. Jina lake halisomeki. Langu pia.

Bila cheti hicho hawamsajili.

Hadija hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliniambia tu, "Mtoto alishakubali mzigo wake," akaenda kuchambua mboga. Nina miaka hamsini na sita na leo nimejiona mjinga kuliko siku nyingine yoyote.

Jumatano, 23 Oktoba

Amenipigia mimi. Analia. Wenzake wameshasajiliwa, wana vitambulisho, wanaingia darasani. Yeye amekaa hosteli na sanduku linalonata. Nguo zinanata. Sisimizi wamempata. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Akasema, "Labda haikuandikwa, Baba. Nirudi tu. Nitakusaidia karakana, hesabu za wateja zinakushinda."

Nilifurahi.

Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Mwanangu analia na mimi nilifurahi. Nikaona kabisa amekaa pale kwenye kile kigoda cha mlangoni, anapiga soga na Bwana Karim, anapika chai ya tangawizi. Nikamwambia, "Nakuja kukuchukua." Sauti yangu ilikuwa ya baba hodari sana.

Nimekata tiketi ya Ijumaa. Nimepiga pasi shati jeupe.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nilitaka kuandika asubuhi, nikashindwa. Sasa ni adhuhuri. Karakana nimeifunga.

Jana Hadija aliona tiketi juu ya kabati. Leo wakati wa chai akaniuliza baba yangu alinifuata Dodoma siku ya ngapi.

Wiki ya sita. Nilimwandikia barua kwamba chakula kibaya, hesabu za michoro siziwezi, walimu wakali. Aliacha kazi akapanda treni. Niko uwanjani nikamwona anaingia getini na kofia yake, amevaa shati jeupe. Akasema, "Funga vitu vyako." Hakuniuliza chochote. Nilifurahi. Njia nzima tulikula mayai, akanihadithia habari za wapagazi, akanionyesha dirishani ilikopita njia yao, nikalala begani kwake. Hakuna safari niliyoipenda maishani kama ile.

Miaka yote naisimulia hivyo. Baba alinipenda, akanifuata. Ni kweli. Alinipenda.

Lakini ile michoro ningeiweza. Rafiki yangu wa kitanda cha juu aliiweza, na hakuwa na akili kunishinda. Nilihitaji mtu wa kuniambia kaa wiki nyingine mbili. Baba hakujua kusema hivyo. Alijua kubeba. Alikuja akabeba, na mimi nilikuwa ndio mzigo.

Sijawahi kumlaumu na sitaanza leo, amelala huko makaburini, Mungu amrehemu. Ila nimelia. Hadija aliniacha nilie. Kisha akasema kwamba jana hiyohiyo, baada yangu, na yeye aliongea na Nyamizi. Alimwambia kitu kimoja: asubuhi arudi kwenye lile dirisha la usajili, asieleze habari za asali, aulize tu wanataka nini hasa na mwisho lini.

Mimi sikuwa nimefikiria hata kuuliza.

Jioni, siku hiyohiyo

Nyamizi ameuliza. Wamempa siku kumi alete cheti kingine. Siku kumi. Na ruhusa ya kukaa darasani wakati anasubiri.

Nimempigia. Nikamwambia, "Siji kesho." Nikamwambia chupa niliirudisha mimi, anisamehe. Akasema, "Najua, Baba. Fundo halikuwa la kushoto." Alijua tangu stendi. Akaninyamazia ili nisiumbuke mbele ya Mzaramo.

Nikamwuliza anataka nifanye nini. Nadhani ni mara ya kwanza kumwuliza tangu barua ya chuo ilipokuja.

"Cheti, Baba. Cheti tu."

Jumatatu, 28 Oktoba

Ofisi ya wilaya. Nilifika kabla ya mfagizi. Kadi ya kliniki ya Nyamizi, Hadija ameitunza miaka yote ndani ya Msahafu. Karani ni binti mdogo wa umri wake. Aliisoma fomu yote, akanirudisha mara mbili, mara ya kwanza kwa picha, mara ya pili kwa saini ya mwenyekiti wa mtaa. Sikugombana. Najishangaa.

Zena amekuja nyumbani. Nimewaomba ukoo mzima waache kumpigia kila siku. Wamgawane, kila mmoja siku yake, na asiulizwe chakula. Zena akasema aulizwe nini sasa. Nikamwambia mwulize amejifunza nini. Akasema yeye habari za udongo atazijulia wapi. Nikamwambia ndiyo maana umwulize.

Kajichagulia Jumatano.

Jumatano, 30 Oktoba

Kimetoka. Karatasi mpya, jina lake limepigwa chapa, jina langu chini yake. Nililisoma mara nyingi pale kwenye benchi.

Nikakipeleka stendi kwenye vifurushi. Kwenye bahasha ya khaki, bahasha ndani ya plastiki. Kwapani nilikuwa na kikapu. Karanga kilo mbili, zimekaangwa na Hadija kwa chumvi kama anavyopenda mtoto. Hadija hakuniambia nizipeleke. Hakuniambia nisizipeleke.

Karani wa vifurushi akauliza, "Na hicho kikapu, mzee?"

Nilikitazama kikapu. Mtu nyuma yangu akakohoa. Nikamwambia, "Ni bahasha tu."

Nimerudi kwa miguu na karanga zangu, nikipita njia ya mbali. Kikapu kilikuwa kizito kuliko lile sanduku.

Ijumaa, 1 Novemba

Mvua ya kwanza leo. Fupi. Udongo umenukia mpaka ndani ya karakana. Nikawaza yupo mtu Morogoro anayejifunza kwa nini unanukia.

Miguu ya meza ya Cheyo yote minne imesimama. Mteja amekuja na mkokoteni, akaipapasa, hakupata kasoro, akaondoka amenuna kwa kukosa la kusema.

Baada ya swala ya Ijumaa simu ililia. Ujumbe. Miwani sikuwa nayo, Hadija akanisomea. Nyamizi amesajiliwa. Kitambulisho amepata, picha amekunja uso. Sanduku amelisugua kwa maji ya moto na limu, halinati tena, na wenzake wawili chumbani wanalikalia kama benchi.

Kisha Hadija akanipa simu nisome mwisho mwenyewe. Nikatafuta miwani. Alikuwa ameandika: "Bahasha nimeipokea, Baba. Nimeinua mara tatu. Nimekubali."

Nimekaa mlangoni kwenye kigoda. Hadija akaja na kikapu, akakaa kando yangu. Karanga tumezila sisi wawili, maganda tunayatupia kuku, mpaka adhana ya magharibi.