Papai Kwenye Nyama ya Kichina

Baba Najma,

Hata ukinuna hadi kesho, papai haliingii kwenye nyama ya Kichina. Hii si mishkaki ya Tanga. Nyama umeikata nyembamba kama karatasi, ukaipaka papai bichi, ukailaza usiku kucha. Asubuhi nimekuta uji. Nawe bila haya: "Mama Najma, ndio ulaini wenyewe huo!" Ulaini wa nini, tunamlisha kibogoyo? Jioni wanakuja watu wa posa ya mwanao.

Uji wako uko kwenye pipa la taka. Nenda bucha ya halali pale Bertrams, ununue nyama nyingine. Ikate kwa kukatiza nyuzi za nyama, usizifuate. Tia sosi ya soya, sukari kidogo tu, tangawizi, kijiko cha wanga wa mahindi, na mafuta mwishoni. Nusu saa yatosha. Chumvi usitie, soya ina chumvi. Hilo nalo la kuambiwa mtu mzima?

Kisha ~~washa jiko, moto uwe mkali, ukaange~~

Hapana. Nakujua. Nitakaanga mwenyewe nikirudi kutoka Randburg. Mpira wa gesi nimeuchomoa kwenye mtungi sasa hivi, naondoka nao kwenye mkoba.

Mama Najma