Sikumwuliza Mkwe Wangu

Jumatatu, 17 Februari 1964
Vidonda, masikio ya watoto, bandeji zimekwisha. Ndivyo zilivyo Jumatatu zote hapa zahanati ya Majoreni. Mwisho akaingia Bi Mwanaisha, mama wa mke wangu. Macho meupe, viganja vyeupe. Nimempa dawa ya minyoo ya safura, mara ya tatu sasa, na vidonge vya damu vya kwanza. Alikaa upande, mtandio hadi puani, nami nikitazama ukuta. Dresa gani huyu, asiyemtazama mgonjwa wake?

Alhamisi, 20 Februari
Mkwe ameanguka akiteka maji kisimani. Saumu, mke wangu, anasema ni funga ya sita, zile siku sita baada ya Idi. Nimemwandikia mamake barua ya hospitali kubwa. Fomu ina mstari wa choo: rangi yake, kama kina damu. Nitamwulizaje mkwe wangu choo chake? Tangu nimwoe bintiye hajawahi hata kula mbele yangu. Ningeweza kumtuma Saumu. Nikaona haya hata hilo. Nikaandika "kawaida". Kwa mwandiko mzuri kabisa.

Jumatano, 26 Februari
Amerudi. Daktari alisoma barua, akamwongezea vidonge, akamruhusu. Aliniamini. Saumu ananisifu kwa majirani kwa jinsi ninavyomshughulikia mamake. Nilitoka nje.

Jumapili, 8 Machi
Asubuhi ametapika damu. Saumu akaniambia huku analia: choo cha mama ni cheusi kama lami. Tangu lini? Tangu mwezi wa Rajabu, kabla ya Ramadhani. Tulimpakia kwenye lori la mbata, la nazi kavu, kwenda hospitali kubwa ya Msambweni. Njiani nilijidanganya kwamba ni vidonge vya damu, maana navyo hutia weusi. Lakini Rajabu nilikuwa sijampa hata kimoja. Na maana ya choo cheusi naijua. Ni damu inayovuja juu, tumboni. Nilifundishwa. Hospitalini nimemtolea chupa moja ya damu yangu. Haifuti kitu.

Ijumaa, 13 Machi
Amehamishiwa Mombasa. Wamemnywesha dawa nyeupe, nzito kama uji, wakampiga picha. Penye utumbo wa mwanzo, mfuko wa chakula unapoishia, pana duara ambalo dawa haikulijaza. Daktari wa huku anasema huenda ni saratani, huenda ni uvimbe tu usio na madhara makubwa. Wa namna hiyo ni adimu mahali hapo, maishani mwake ameuona mmoja. Hakuna wa kujua mpaka apasuliwe.
Kisha akaitoa barua yangu. Akaniuliza kama nilimwuliza mgonjwa mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akasema basi mama alificha. Nikaitikia kwa kichwa.
Nimemsingizia mtu aliyelala kitandani. Najichukia.

Jumanne, 17 Machi
Wamempasua. Uvimbe ukubwa wa yai la njiwa, laini, wa manjano, ulining'inia kwa kikonyo ndani ya utumbo. Nchani una kidonda, ndicho kilichokuwa kikivuja. Wameukata, wakashona utumbo. Kipande kimepelekwa kuchunguzwa. Yu hai. Chakula bado hakipiti.

Jumamosi, 28 Machi
Majibu: uvimbe wa mafuta matupu. Si saratani. Saumu alisujudu palepale wodini. Mimi nililia chooni, mlango nimeufunga. Ilikuwa furaha, lakini si furaha peke yake.

Jumatano, 15 Aprili
Mkwe yuko kwetu. Anatembea uani, viganja vimeanza kupata rangi. Leo Saumu alipokwenda sokoni nilisimama nje ya pazia la chumba chake. Nikamwamkia, nikamwambia yote. Kwamba sikumwuliza. Kwamba niliandika uongo. Kwamba Mombasa nilimwachia yeye lawama.
Akanijibu kutoka ndani:
"Hata ungaliniuliza, baba, ningalikwambia kawaida. Haya, nenda kazini, watu wanakungoja."
Sijui kama alisema kweli au alinisitiri. Sikuthubutu kumwuliza.
Nilikwenda kazini.