Kijiti Nilichokiita Pambo

Baba yangu uliye Jinja,

Barua zangu mbili za kwanza zimerudi na dereva yule yule wa lori aliyezipeleka. Anasema kwenye lango la kiwanda cha pamba alimkuta mlinzi mpya asiyelijua jina lako. Aliniambia hayo huku akikaza kamba za turubai ambalo lilikuwa limeshakazwa, na hakuniangalia usoni. Hii ya tatu nampa yeye tena. Kuna jambo nimelifanya, na ni afadhali ulisikie kwangu.

Unakumbuka tulipokusindikiza stesheni ya Malaba? Treni ilichelewa, ukaanza kunitania mbele ya abiria: "Huyu binti yangu anajua Kizungu mpaka anaota nayo!" Nilinuna, ukanimegea kiazi chako cha kuchoma hadi nikacheka. Ulipopanda ulisema, "Angalia nyumba. Mimi nitarudi kabla ya mvua." Mvua imekuja mara mbili tangu hapo.

Ni nyumba hiyo hiyo, baba. Baada ya uhuru, baraza la hapa liliamua kwamba nyumba aliyoijenga babu yako, ambamo wazee wamekuwa wakiamulia kesi tangu zamani, itunzwe iwe kumbukumbu. Ikaundwa kamati ya wazee saba, na sharti likawa kwamba kitu chochote kisibadilishwe kabla hakijasomwa mbele yao wakakubali. Ovasia wa baraza, yule msimamizi wa ujenzi, akaleta mchoro wenye maelezo ya Kiingereza. Mimi ndiye mwalimu, kwa hiyo nikaitwa nisome.

Ungewaona wazee wako ungejivunia. Ovasia alitaka mlango upanuliwe, wakakataa. Alitaka kuta zipakwe rangi nyeupe, wakamcheka. Kizingiti peke yake kilibishaniwa asubuhi nzima, eti jiwe limekaliwa na watu wengi mno kuweza kung'olewa. Nyasi za paa tu ndizo walikubali zitoke, mabati yaingie, kwa kuogopa moto. Kila mtu alikuwa amechoka nilipofika mstari wa mwisho.

Hapo palikuwa na neno moja ambalo sijawahi kuliona, na mshale mdogo ulioelekea kileleni mwa paa. Ningesema, "Neno hili silijui." Kamusi ilikuwa shuleni, mwendo wa dakika chache tu. Lakini wazee saba walikuwa wananitazama, na mimi ndiye yule binti anayeota kwa Kizungu. Niliona aibu, baba.

"Mwalimu, hiyo ya mwisho inasema nini?" akauliza Mzee Wandera, mwenyekiti.

"Ni pambo la juu, mzee. Litatolewa ili mabati yakae vizuri."

"Kama ni pambo tu, watoe."

Wakaweka vidole gumba, mmoja baada ya mwingine.

Kumbe lilikuwa isuli, kile kijiti cha kileleni mwa paa. Na isuli ninaijua! Nilikuwa na miaka tisa hivi mchwa walipokula ile ya zamani. Ulinishikisha ngazi, ukapanda na kijiti kipya kwapani, ukakichomeka kileleni kwa mikono yako. Ukaniambia kutoka huko juu, "Hii ni mimi. Ikisimama, watu wanajua niko. Wataitoa siku nitakufa." Niliishika ngazi ile mpaka viganja vikauma. Halafu nimeikuta isuli kwenye karatasi nisiitambue.

Siku ya kuezeka nilikuwa darasani. Niliposikia vilio nilidhani ni msiba wa jirani. Nilipotokea uani, isuli ilikuwa chini kwenye rundo la nyasi kuukuu, na mama ameketi kwenye kizingiti, kitambaa amekivua kichwani. Wanawake walikuwa wakiingia na kuni za matanga. Wengine walitoka hata Nambale, maana habari ilienda na barabara.

"Rudini na kuni zenu," niliwaambia. "Baba yuko kazini."

Shangazi alinitazama kwa huruma iliyonitisha. "Sasa kama iko, mbona nyumba inasema haiko?"

Nilimwomba fundi airudishe. Alipoelewa ni kitu gani alichokitupa, aliondoka bila kuchukua nyundo yake. Nikamkimbilia Mzee Wandera. "Hiyo inawekwa na mwenyewe," akasema. "Mwingine akiweka, anajiwekea." Kwa hiyo imeegemezwa nyuma ya ghala, na hata wanaoteka maji siku hizi wanazunguka upande wa pili.

Ninaogopa, baba. Baba mdogo ameanza kulima kipande chako cha mtoni bila kumwuliza mtu. Mama amelikunja koti lako la mvua akaliweka chini kabisa ya sanduku. Na Ijumaa hii kamati inakaa tena kupitisha maneno ya kibao kitakachowekwa mlangoni. Nimeletewa nikague herufi. Yameandikwa: Hapa palikuwa nyumba ya marehemu, halafu jina lako. Nilidai neno hilo lifutwe. Mzee Wandera hakunigombeza. Aliniambia polepole, "Leta barua yake, mwalimu. Hata mstari moja. Tutafuta."

Basi andika mstari mmoja. Au uje mwenyewe, uje mchana, upite barabara kuu katikati ya soko, usalimie kila mtu kwa sauti yako ile ya kuudhi. Ngazi bado ipo. Nitaishika.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nikuambie lililonifanya nichukue kalamu. Jumapili mama alinunua samaki kutoka Osieko, wale wakubwa. Mgeni mmoja akauliza kama na wewe ni mtu wa samaki. Mimi nikajibu, "Aliwapenda sana." Lilinitoka hivyo hivyo, kama lile la pambo. Nikangoja mtu anisahihishe. Mama aliendelea kuchambua miiba.

Njoo unisahihishe, baba.

Ni mimi binti yako,
mshika ngazi