Kola Iliyowaka Kantini

Kambi ya Wajenzi, Bandarini,
Dalian.
20 Oktoba 2008

Mpendwa mwanangu Wanqiu,

Hujambo? Kile kikohozi cha kiangazi kimepona? Mimi baba yako mdogo Genfa ni mzima, ila mgongo unanisumbua kila jioni, na upepo wa huku umeanza kuuma mapema. Simu yako imezimwa, ndiyo maana naandika. Usicheke mwandiko, mikono hii imezoea koleo.

Baba yako alinipigia akiwa njiani na lori lake. Anasema unataka kuacha masomo ya bioteknolojia ukashone nguo kiwandani. Eti viwavi wako wa hariri wamekufa maabara, huna tena cha kumwonyesha mwalimu. Nilikasirika sana. Sikujua kuwa viwavi wenyewe nimewala mimi.

Ngoja nikueleze. Mwisho wa mwezi uliopita bibi yako alinitumia kizibao kipya na kopo la wadudu wa hariri waliokaangwa kwa chumvi na pilipili. Wenzangu wa chumbani ni watu wa huku kaskazini, wanakula wale wakubwa wa miti ya mwaloni, basi wakanicheka. "Genfa, hawa wa kwenu walizaliwa kabla ya siku zao?" aliuliza Mzee Qiu. Lakini mkono wake haukutoka koponi.

Jumamosi niliingia kantini kununua sigara. Balbu ilikuwa imeungua. Mwenye kantini, Mama Pang, alikuwa amewasha ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Nilipoinama kuchukua chenji akapiga ukelele na kuruka nyuma mpaka makopo yakaanguka.

"Shingo yako! Genfa, shingo inawaka!"

Nikadhani ni moto, nikaanza kujipigapiga.

"Tulia wewe!" Mzee Qiu akanishika. "Hakuna moto. Ni kola hiyo. Kijani kama macho ya paka."

Tukakivua kizibao. Chini ya taa kola inawaka yote, ukiitoa ni kitambaa tu. Mama Pang akaniambia niondoke na uchawi wangu, nitamfukuzia wateja. Mzee Qiu akainyanyua taa. "Fungua mdomo basi, tulione na tumbo."

Watu walicheka. Nilikumbuka maneno yako ya mwaka mpya, kwamba mnachukua mwanga wa mnyama wa baharini, mnautia kwenye mayai ya viwavi, ili hariri yao ije iwake. Siku ile nilikwambia mnafundishwa mazingaombwe.

Jana nilimpigia bibi yako. Akasimulia bila wasiwasi wowote. Wakati wa likizo, maabara ilipokuwa inazimwa umeme, ulimletea trei zako za viwavi ukamwambia, "Bibi, nitunzie mpaka nirudi." Basi akatunza. Aliwakatia majani machanga ya mforosadi, wakasokota vifukofuko vizuri vya hariri. Kisha akafanya anachofanya tangu aolewe. Akabandua zile nyuzi laini za juu na kujazia kola yangu, akavikata vifukofuko kwa mkasi, akatoa wadudu, akakaanga.

"Mama, labda alitaka watoke nondo, watage mayai," nikamwambia.

"Watoboe hariri yote ile? Nani mjinga wa kufanya hivyo?"

Wanqiu, mpaka leo siamini. Miaka yako mitatu ya kazi nimeitafuna nikishushia bia! Na wewe uliuona ukweli kwa macho yako ulipokuja kuwachukua, ukanyamaza. Nadhani ulisema wamefia maabara ili bibi asilaumiwe. Nimekuelewa. Lakini ni uongo huo unaokutoa chuoni. Kikaango cha bibi hakina kosa.

Ndani ya bahasha hii nimeweka kola. Nimeikata kwa uangalifu, sijaiosha. Mpelekee mwalimu, umweleze kila kitu. Mwambie uliwatoa bila ruhusa, mwambie wameliwa, na ukiulizwa na nani, taja jina langu. Sijui kama kola inahesabiwa kuwa utafiti, mimi niliishia darasa la sita. Ila nilichokiona nimekiona. Iliwaka, mwanangu. Ulichokifanya kimekubali. Chuo kikitaka kukufukuza, kikufukuze chenyewe. Wewe usijifukuze.

Bibi sijamwambia, nimeshindwa. Anaamini uliondoka bila kula siku ile kwa hasira, kwa kuwa kopo kubwa alinipa mimi. Amekuwekea fungu lako mtungini, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Ukienda kwake, keti mezani, ule mbele yake. Ni watamu, siwezi kukudanganya.

Nisalimie baba yako akipita, mama yako, na shangazi yako Jinmei. Mababu wetu wakushike mkono siku utakapobisha hodi kwa mwalimu.

Akupendaye siku zote,
Baba yako mdogo,
Shen Genfa