Vitabu Visivyorithiwa

Kishanda, Muleba
12 Mei 2024

Mwanangu Judica,

Nakusalimu kwa amani. Huku tu wazima, isipokuwa mama yako bado anashikwa na kizunguzungu akikaa juani. Je, kikohozi cha mwanao mdogo kimepoa?

Siku ya kumaliza matanga ya kaka yako Derick uliondoka mapema, hivyo nakujulisha rasmi uamuzi wa ukoo. Kibanja chake cha migomba kimekwenda kwa mdogo wako Evarist. Wewe umetajwa omusika, mrithi wa vitabu vyake vya michezo ya hadithi, pamoja na kishikwambi alichovisomea. Baba yako mdogo Ildefons aliuliza kama michezo ya kurusha dadu nayo ni mali. Nilimwambia anyamaze.

Nilijaribu kufungua kimojawapo. Kilidai mtandao. Nikapanda nacho hadi kanisani, ambako mtandao unapatikana, kikadai nenosiri. Sijapata kuona kitabu kinachomkataa msomaji.

Kyaruzi, anayepeleka ndizi sokoni Bukoba, atakuletea kishikwambi. Mimi nitaliandikia lile duka la ng'ambo ambako Derick alivinunua, waviweke kwa jina lako. Mambo yafanywe kwa utaratibu.

Baba yako,
Gamaliel


Bakoba, Bukoba
19 Mei 2024

Tata,

Shikamoo, waitu. Sisi hatujambo, na kikohozi kimekwisha. Mama apumzike kivulini, kahawa zitaanuliwa na Evarist.

Kishikwambi kimefika. Nenosiri Derick alinipa mwenyewe, na vitabu vinafunguka. Kuanzia leo, kila Jumapili baada ya ibada Philbert, Celina na wenzao wawili wanakuja kwangu, kama walivyokuwa wakienda kwake. Hujawahi kuwaona wakicheza. Mmoja husimulia, wengine huwa watu wa hadithi, na dadu huamua nani avuke na nani azame. Derick ndiye alikuwa msimulizi. Sasa ni mimi, na ninaweza kwa sababu moja tu: pembeni mwa kurasa aliandika nchi nzima aliyoibuni, vijiji vyake, vita vyake, hata majina ya mbwa.

Chini ya kila ukurasa duka limegonga jina la Derick, ili kitabu kikivuja wajue wa kumshika. Mwanzoni nilishindwa kulitazama. Kuchapisha hawaruhusu. Nikinasa ukurasa kwenye kishikwambi, picha inatoka nyeusi. Jumapili ya tarehe 2 Celina ataleta simu yake yenye kamera tupige picha kurasa zote, moja moja.

Naomba sana, usiwaandikie. Wakijua amefariki wanaweza kuvifunga. Tuache tumalize kwanza.

Binti yako,
Judica


Kishanda
26 Mei 2024

Mwanangu Judica,

Salamu nyingi. Mama yako amepata nafuu na anakusalimu wewe na watoto.

Nimesoma ombi lako na sikubaliani nalo. Kutumia nenosiri la marehemu ni kuingia nyumbani kwa kupitia dirishani, ilhali nyumba ni yako. Hukulelewa hivyo. Derick alilipa kwa fedha halali na ukoo umekutaja hadharani. Tujifiche kwa sababu gani?

Nimekwisha kuwaandikia, kwa Kiingereza kisicho na dosari, nikaambatisha cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Ofisi ya usharika imetuma kwa barua pepe, na nimetaka majibu yaje kwako. Mtu mwenye akili akisoma barua ile hawezi kukataa.

Baba yako,
Gamaliel


Bakoba
2 Juni 2024

Tata,

Shikamoo. Leo sitaulizia afya ya mtu.

Wamejibu, nakala hii hapa ndani. Wanatoa pole kwa msiba wetu. Wanasema Derick hakununua vitabu, alinunua ruhusa ya kuvisoma yeye peke yake, na ruhusa hiyo imekoma alipokufa. Wanakushukuru kwa kuwajulisha. Akaunti imefungwa, na kila kilichokuwamo kimefutwa, pamoja na maandishi yake yote.

Leo ndiyo siku ambayo Celina alikuja na simu yake. Alikaa mezani ameishika. Tulifungua kishikwambi mbele ya wote, kikatuonyesha ukurasa mweupe na neno la kutukaribisha dukani.

Hakuna aliyekuuliza, Tata. Hao watu hawakuwa wakijua kama Derick yu hai au amekufa, wala hawakujali. Mimi nilikuomba. Ulisoma ombi langu, ukalielewa, ukaliweka kando kama insha ya mwanafunzi mjinga.

Judica


Kishanda
9 Juni 2024

Mwanangu Judica,

Natumaini barua hii inakukuta salama.

Nimewaandikia tena. Nimewauliza: shati la Derick analivaa Evarist, je, aliyemshonea atakuja kumvua? Biblia yake anaisoma mama yake, je, waliochapa watakuja kuinyang'anya? Walimwandikia "nunua", wakapokea fedha, na sasa wanasema walimwazima. Mtu wa hapa akiuza hivyo sokoni atatandikwa kabla mgambo hawajafika. Na maandishi ya mwanangu hawakuyatunga wao. Hawakumuuzia. Wameyafuta kwa haki ipi?

Philbert hutengeneza kompyuta. Mwambie avunje kufuli lao. Naliandika neno hilo nikiwa mzee wa kanisa, na sitalifuta.

Nijibu upesi.

Baba yako,
Gamaliel


Kishanda
7 Julai 2024

Mwanangu Judica,

Huku tu wazima. Hujajibu, na mama yako kila siku ananiuliza nimekukosea nini. Kyaruzi asema alikukabidhi barua yangu mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaendelea kupima mchele.

Duka nalo limejibu. Wamenitumia ile barua ya kwanza, neno kwa neno, pamoja na pole yake. Nimeichana.

Andika hata mstari mmoja.

Baba yako


Bakoba
14 Julai 2024

Tata,

Shikamoo. Watoto hawajambo.

Philbert anasema hakuna cha kuvunja. Vitabu havikuwahi kuwa ndani ya kishikwambi. Vilikuwa kwao huko, sisi tulikuwa tukionyeshwa tu. Maandishi ya Derick nayo yalikuwa huko huko.

Jumapili hizi hatuchezi tena. Wiki iliyopita Celina alikuja peke yake, tukanywa chai, akaondoka.

Mwambie mama sijakasirika naye.

Judica


Kishanda
21 Julai 2024

Mwanangu Judica,

Amani iwe kwenu.

Kwamba nilisema kweli, sijutii. Kwamba uliniomba nami nikakupita, hilo nalala nalo na naamka nalo.

Jumamosi nakuja na gari la Kyaruzi. Waite wote wanne. Siji kucheza. Kila mmoja aeleze anachokikumbuka cha ile nchi ya Derick, jinsi alivyomsikia akisimulia, nami nitaandika kwa kalamu. Nimewasomea watoto wa watu imla tangu nikiwa kijana. Sasa nisomeeni nyinyi. Wakipishana, nitaandika ya huyu na ya yule. Sitasahihisha sentensi ya mtu.

Tutakachokipata, anayetaka akinakili, akipeleke hadi Ngenge, akipeleke popote, bila kuniomba. Hasira yangu kwa lile duka haijapungua, na sitaki ipungue.

Kama hutaki nije, mwambie Kyaruzi. Nitaelewa.

Baba yako,
Gamaliel


Bakoba
24 Julai 2024

Tata,

Shikamoo, waitu. Njoo. Ndizi zako za ebitoke zipo, na usipange kurudi Jumapili.

Philbert ameanza kukumbuka kabla hujafika. Anasema kwenye daraja la kuingilia ile nchi kuna mzee mlinzi. Kila msafiri lazima amtajie mizigo yote aliyobeba. Ukificha hata kisu kidogo, anakurudisha ulikotoka. Philbert alirudishwa mara nyingi kuliko wote, na bado ana kinyongo. Walipolalamika kwamba huyo mzee anaharibu mchezo, Derick alicheka akawaambia, "Huyo hahongeki. Mimi nimekua naye."

Hakumpa jina. Utaliandika mwenyewe.

Binti yako,
Judica